Nilimwachia Jirani Yangu Kitanzi Changu

Admin, naomba unifichie jina. Kijiji changu kitaje tu, Pito ni kubwa.

Nina miaka sabini na tano, mjane, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu nisiowamaliza kuwataja. Kwenye jumuiya yetu ya Kikatoliki mimi ndiye ninayeitwa kusuluhisha ndoa za vijana. Mkinisoma hadi mwisho mtaona nilivyo na uso mgumu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa na watoto wanne kabla sijafika miaka ishirini na sita, na wa mwisho nilimzaa kwa shida hadi nikawaaga watu nikidhani nakufa. Marehemu mume wangu alikuwa katekista. Kumwambia habari za kupanga uzazi ilikuwa sawa na kumwambia nimeacha kusali. Nikasikia kwamba kliniki mjini wanaweka kitanzi, kidude kidogo kinachokaa kwenye kizazi usishike mimba. Nikaenda kwa miguu, nikidanganya kwamba nafuata sabuni duka la ushirika.

Nesi akaniuliza jina. Nikaogopa. Mle ndani walikuwamo watu wa parokia yetu, na mke wa katekista angeulizwa kama mumewe ameruhusu. Mdomo ukanitangulia, nikataja jina la jirani yangu, nitamwita Mama Tumaini. Mumewe alikuwa bwana shamba aliyeletwa kijijini kwetu kutoka Mbeya, hawakuwa Wakatoliki, na mtu msomi kama yule nani angemhoji mkewe? Nesi akaandika jina lake, la mumewe na la kijiji. Nikawekewa nikarudi nyumbani, na sabuni yenyewe nikasahau kununua.

Haukupita mwaka nikaanza kuugua tumbo, homa, na uchafu wenye harufu hadi nikaona aibu hata kulala karibu na mtu. Nilirudi kliniki kwa jina lile lile, wakakitoa, lakini kizazi kilikuwa kimeshaoza. Nyumbani nilisema ni uvimbe. Sikuzaa tena. Mume wangu akasema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina.

Miaka ikaenda. Mama Tumaini naye alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Tumaini, na mumewe alitamani wengine mpaka anakonda. Walizunguka hospitali na kwa waganga, hakuna kitu.

Siku moja, Ujamaa ukiwa unaelekea ukingoni, mimi na Mama Tumaini tulikuwa tunapepeta ulezi uani kwake. Akaja nesi mgeni na baiskeli, ana bahasha. Akamsalimu Baba Tumaini aliyekuwa amekaa kibarazani, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, wewe ni kati ya waliowekewa kile kitanzi kibovu. Uzi wake ulikuwa unapandisha uchafu tumboni. Wazungu wanawake wamemshtaki aliyekitengeneza huko kwao, wameshinda, na hata sisi wa huku tunaruhusiwa kudai fidia. Tia sahihi hapa."

Mama Tumaini akacheka. "Nesi, umepotea nyumba. Mimi sijawahi kuwekewa kitu."

Nesi akafungua karatasi, akasoma. Jina lake. La mumewe. Pito. Kimewekwa, kimetolewa.

Baba Tumaini hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Kumbe. Miaka yote unanitembeza kwa waganga, na dawa yenyewe unayo wewe."

"Baba Tumaini, naapa sijui! Wanipime!"

"Wapime nini? Imeandikwa kimeshatolewa."

Mimi nilikuwa nimeshika ungo, hatua tatu kutoka kwao. Maneno mawili tu yalitosha: ni mimi. Nilichofanya ni kuinama, nikaanza kuokota ulezi uliomwagika, punje moja moja. Nikifumba macho hadi leo naiona ile mikono yangu na nataka kuikata.

Wiki ile ile alirudishwa kwao Mbeya na mabegi mawili. Mtoto akabaki na baba. Kabla hajaondoka alikuja kulia kwangu. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nakuamini." Jamani, kwa nini nisimwamini? Nilijua! Muda wa kudai ukapita, sikudai. Ningedai kwa jina gani?

Hatukupoteana. Zilikuwa barua, sasa ni simu, na kila sikukuu ananitumia mchele. Hakuolewa tena. Tumaini alikua akiambiwa kwamba mama yake aliwaua wadogo zake tumboni, na mpaka leo ni mama mtu mzima anayemsalimia mama yake shikamoo ya barabarani, basi.

Juzi Mama Tumaini amenipigia. Baba Tumaini ni mgonjwa sana, hana siku nyingi, na ametuma neno kwamba yuko tayari kumsamehe. Sharti lake ni moja tu, mkewe akiri kosa mbele ya Tumaini.

"Dada," akaniambia, "nimechoka. Nikiri tu? Nikisema ndiyo niliweka, mzee atakufa na amani, na mwanangu labda atanishika mkono. Duniani ni wewe peke yako uliyeniamini. Ukisema nikiri, nakiri."

Nikamwambia mtandao unakatakata, nikazima simu. Uongo mwingine huo.

Nikisema ukweli, watoto wangu watajua baba yao alizikwa bila kujua, jumuiya itanitema, na yeye atajua aliyemkumbatia siku ile alikuwa nani. Nikinyamaza, atapiga magoti kuomba msamaha wa dhambi yangu.

Msinihurumie, sikuandika kwa ajili hiyo. Nielekezeni tu nianzie wapi, maana Jumamosi anapanda basi kwenda kukiri, na tangu asubuhi amenipigia mara nne.