Kikombe Chekundu cha Ottilie

Hapa St. Louis kila nyumba ina kiti kilichotoka kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1904. Kama vyote vingekuwa vya kweli, wageni wa mwaka ule wasingepata hata pa kusimama. Ndiyo maana tulimhitaji Verna Hoelscher, na ndiyo maana wengi wetu tulimwombea mafua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Verna alikagua viatu kiwandani kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akaanza kukagua babu zetu. Chama chetu cha wakusanyaji wa vitu vya Maonyesho hukutana siku hiyo kwenye ukumbi wa kanisa, jirani na Forest Park, bustani yalikofanyika Maonyesho yenyewe, na yeye ndiye aliyeleta sheria ya kadi. Kitu chenye ushahidi hupewa kadi ya kijani. Chenye maneno matupu hupewa ya njano, iliyoandikwa "Kisa cha bibi." Mimi, Doreen, ndiye mwandishi wa kadi, kwa hiyo matusi hunifikia kwanza.

Harlan Brucker, fundi bomba mstaafu, alileta sahani ambayo eti babu yake aliinunua Maonyeshoni, na mama yake akaihifadhi kwenye blanketi maisha yake yote. Verna aliigeuza mara moja tu.

"Harlan, rangi hii ilianza kutumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Babu yako alikuwa ameshazikwa."

Ikapewa njano. Siku ile Harlan hakugusa keki ya siagi, naye alikuwa hajawahi kuikataa keki tangu azaliwe.

Kikombe cha Verna mwenyewe kilikuwa na kijani. Kilikuwa cha kioo chekundu, kimechorwa "Maonyesho ya Dunia, 1904," na ilijulikana kwamba babu yake alikinunua siku alipokutana na bibi Ottilie pale pale uwanjani. Verna alikiweka daima upande uleule, na ndani yake leso nyeupe. Ni mimi peke yangu niliyejua sababu. Mwaka mmoja nilimsaidia kukiosha nikaona mgongoni jina la mnunuzi limechongwa kwa mkono, kama wauzaji walivyofanya Maonyeshoni: Clara.

"Thubutu kusema," aliniambia taratibu, "uone kama mwanasesere wa bibi yako hatapewa njano."

Nikanyamaza. Nampenda mwanasesere yule, na kadi yake ya kijani. Nyani haoni kundule, lakini Verna aliliona lake vizuri sana, akalifunika kwa leso.

Maonyesho yalipotimiza miaka mia, muuza saa mmoja aliyefunga duka alitupatia kabati la kioo. Verna alikiweka kikombe kama kawaida, uso kwetu, mgongo nyuma. Hakugundua kwamba ukuta wa nyuma wa kabati lile ulikuwa kioo cha kujitazamia. Harlan aliinama ajitengeneze tai, akaganda.

"Cla-ra," alisoma polepole, maana herufi zilikuwa zimegeuka. "Verna, bibi yako si Ottilie?"

"Ndiye."

"Na Clara ni nani?"

Verna alishika ukingo wa kabati. Nilimwonea huruma, na nisiseme uongo, raha nayo nilikuwa nayo kidogo.

"Kwani wewe Harlan ulisoma sekondari gani?" aliuliza Verna. Mjini kwetu swali hilo humtoa mtu kwenye hoja yoyote.

"Si tulikuwa darasa moja. Clara ni nani?"

Verna alikaa kwenye kiti. "Simjui. Ni mtu aliyevaa viatu vya kubana. Alikaa avivue, akaweka kikombe pembeni. Bibi alikuwa akiuza maji ya limau, akapita nacho. Clara alipoanza kukitafuta, bibi akapanda lile gurudumu kubwa la Maonyesho lililozungusha watu angani. Alilipa senti hamsini kujificha na kikombe cha senti ishirini na tano, akawa anamtazama kutoka juu." Akafuta miwani. "Alinisimulia akicheka mpaka machozi. Nilimpenda. Sikutaka mumwite mwizi."

"Na babu?"

"Walikutana msibani, miaka minne baadaye."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Harlan, akatuachia tumalizie wenyewe. "Doreen, lete njano."

"Kijani," alisema Verna.

"Kwa ushahidi gani? Hicho si kisa cha bibi?"

"Watu hubuni bibi waliopewa zawadi, bibi waliocheza dansi na magavana. Umeshaona nani akamsingizia bibi yake wizi?"

Harlan alichukua kipande cha keki, akakubali. Niliandika kwenye kijani: "Kiliibwa Maonyeshoni, 1904." Verna akakigeuza kikombe jina lituelekee, akaitia leso mfukoni.

Mwezi uliofuata Harlan alirudi na sahani yake. Alikohoa.

"Kuna jambo mama alinificha kuhusu babu," alianza.

Nyuma yake walipanga foleni watu saba, kila mmoja na kitu mkononi na mwizi wa ukoo wake mdomoni. Verna alivaa miwani, akaninyooshea mkono.

"Doreen, zimebaki njano ngapi?"