Wivu wa Sista Odeta Shingoni

Odeta hakutaka mtu aguse begi lake. Alilivaa mgongoni, akakaza mikanda mpaka ikambana mabega. Ndani mlikuwa na boksi la chanjo na barafu zake, mizani ya kupimia watoto, kadi za kliniki na maji ya kunywa. Bodaboda ziliwaacha mtoni, yeye na Nyamizi. Kuanzia hapo ni mawe matupu mpaka juu Shingoni, pale milima miwili inapokutana mabega, kisha kushuka ng'ambo kwa wafugaji wa Kisukuma.

"Dada, tugawane basi," Nyamizi alisema. "Nipe hata mizani."

"Chanjo ni dhamana yangu. Wewe beba daftari."

Hakusema ukweli. Alitaka wale akina mama wamwone yeye akifika na chanjo mgongoni.

Odeta alikuwa mzaliwa wa Kawajense, mjini Mpanda, na kwa miaka kumi na moja alikuwa nesi wa zahanati moja huko Sibwesa. Kila mwezi alivuka Shingoni peke yake, masika na kiangazi. Mwanzoni wanawake walikuwa wakimwona tu wanaficha watoto kwenye mahindi. Aliwazoea, wakamzoea, mmoja mmoja, kwa taabu. Halafu mwaka jana kijiji kikamchagua Nyamizi kuwa mhudumu wa afya. Binti wa miaka ishirini na mitatu, Msukuma kama wao, mcheshi. Mambo yaliyomchukua Odeta miaka, yeye aliyamaliza kwa miezi miwili. Na mwezi wa tatu mtoto wa kike akazaliwa kule, akaitwa Nyamizi. Odeta alikuwa amepokea watoto wangapi kwa mikono yake? Hakuna aliyeitwa Odeta, hata mbuzi.

Walipanda. Nyamizi alitangulia, akiruka jiwe hadi jiwe, anaimba. Odeta aliuona wepesi ule kama tusi. Walipokaribia Shingoni, njia ikabana kati ya majabali. Badala ya kuzunguka, Odeta akajitupa juu ya jiwe ili ampite. Mzigo ukamvuta upande, goti likagonga mwamba. Alianguka kwa viganja, begi likabaki juu yake, zima.

Nyamizi akarudi mbio. "Pole, dada! Pole!"

"Usinishike!"

Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Jua lilikuwa limeshapanda, na barafu haisubiri hasira ya mtu. Akafungua mikanda mwenyewe, akamsukumia begi bila kumtazama. Nyamizi alipolibeba, akayumba.

"Uzito wote huu? Miaka yote?"

Odeta alivunja fimbo, akamwacha atangulie, akashuka akichechemea. Kwa mbali aliona wanawake wakitoka kwenye nyumba zao, vigelegele vinapigwa: "Nyamizi! Nyamizi!" Yeye alifika baadaye sana, kama mtu asiyealikwa harusini. Wakati anakaribia, Nyamizi alisema jambo kwa Kisukuma, bibi mmoja akajibu, wote wakaangua kicheko huku wakiutazama mguu wake.

"Mnanicheka nini nyie?" Odeta akafoka.

Helena, mama yake yule mtoto Nyamizi, akasogea na kigoda.

"Sista, tusamehe. Huyu ametuambia mzigo huu ulikuwa unaubeba peke yako. Bibi akasema, basi wewe ni punda wa Mungu. Ndiyo tukacheka."

Odeta hakujua akasirike au afanye nini. Akakaa, akanyoosha mguu, akafungua boksi. Barafu zilikuwa bado hazijayeyuka. Akawachoma sindano watoto thelathini na wanane. Kila mmoja alilia mikononi mwake, akanyamaza mikononi mwa Nyamizi, na kila mara moyo wa Odeta ulichomwa upya.

Mchana mume wa Helena akafunga maksai kwenye mkokoteni awarudishe kwa njia ndefu ya kuzunguka mlima. Odeta alikaa akilikanda goti lake.

"Nyamizi," Odeta akasema hatimaye, "mimi nakuonea wivu."

"Najua, dada."

"Umejua lini?"

"Zamani. Hata mizani ulininyima." Nyamizi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi wananipigia vigelegele. Lakini mtoto akizidiwa kweli hawaniulizi mimi. Wanauliza sista anakuja lini. Hilo nalo linaniuma."

Odeta hakuamini moja kwa moja, ila neno lile alilihifadhi.

Goti lilimweka chini miezi miwili. Muuguzi mwenzake, Amedeus, ndiye aliyevuka na Nyamizi, na kila waliporudi Odeta aliuliza, kana kwamba hajali, ni nani kamtaja. Wivu haukumtoka. Mwezi wa tatu, goti lilipopona, waligawana mzigo kule mtoni: Odeta akabeba boksi la chanjo, Nyamizi akabeba mizani, kadi na maji.

"Nani anatangulia?" Nyamizi akauliza.

"Mimi," Odeta akasema, akaanza kupanda.