Keki ya Posa ya Shangazi Feza

Nilipokuwa mtoto nilijua kwa hakika kwamba keki ina masikio. Hili nililipata kwa Koko, mama yake baba yangu, ambaye kabla ya kutufuata Goma alipika miaka mingi jikoni kwa masista, upande wa Bukavu. Kama masista wenyewe waliliamini, sijui. Nadhani wao walimfundisha mayai na majarini tu, masikio akayaongeza mwenyewe.

Kwa sababu keki inasikia, ilikuwa na masharti yake. Ikiwa motoni, hakuna kugombana, hakuna kufagia ua, wala kutaja jina la marehemu. Mwenye kinyongo anaondoka kwanza, hata kama ni mwenye nyumba. Na sharti lililopita yote lilikuwa hili: kama kuna mtu ndani ya nyumba anayeficha neno juu ya sherehe inayopikiwa keki, basi keki itapanda hadi nusu, italisikia neno lile, na itaanguka. Koko aliliita neno lililofungwa. Alikuwa na mifano mingi, ya arusi na ya ubatizo, na katika mifano hiyo yote keki ilikuwa imesema kweli.

Tuliishi mtaa wa Katoyi, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, na oveni hatukuwa nayo. Koko alichukua sufuria kubwa, akatandaza chini yake vijiwe vya volkano vilivyooshwa, akaibandika juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Ndani yake aliingiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko, akafunika, kisha akapanga makaa mekundu juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Baada ya hapo ilikuwa saa nzima ya kusubiri, na kufunua ilikuwa mwiko. Mpaka leo napika hivyohivyo, maana umeme wetu hauaminiki, na watu wanaokula keki zangu hawajawahi kulalamika.

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi Feza, mdogo wake Papa, alikuwa na ishirini na mitatu. Alikuja kwetu kusomea uuguzi, na tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukuta. Nilimpenda kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, naweza kulisema hili sasa bila kumuumiza Mama. Kulikuwa na bwana mmoja, mfanyabiashara wa maharagwe wa barabara ya Rutshuru, aliyetaka kumwoa. Alikuwa mtu mpole, alituletea miwa kila alipopita, na Papa alikwisha kumkubalia. Jumapili baada ya misa wazazi wake wangekuja kuposa rasmi, na muda si mrefu Shangazi angehamia Rutshuru, nyumbani kwa mama mkwe wake. Bwana yule alikuwa mwema kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kumuuliza Feza kama anamtaka.

Jumamosi mchana Koko aliweka keki ya wageni motoni, kisha akaenda kwa jirani kuazima sahani kubwa.

"Bakia hapa, Nsimire," aliniambia. "Chunga kuku zisikaribie mbabula. Na usifunue."

"Ndiyo, Koko."

Kuku nilizichunga vizuri. Lakini Koko alikuwa na desturi ya kusema kwamba keki "inaamka", na mimi sikuwahi kuiona ikiamka. Nilitaka kuiona mara moja tu. Nikapitisha kijiti kwenye mshikio wa kifuniko, nikainua, na makaa yake yote juu. Ilikuwa pale, ya manjano, imevimba, katikati bado inatetemeka kidogo. Nilifurahi, na nikaendelea kufurahi kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu upepo wa ziwani ulipita uani, na mbele ya macho yangu katikati ya keki pakaanza kushuka. Palishuka polepole, kama mtu anayeketi akiwa amechoka. Nikarudisha kifuniko, nikarudi kwa kuku zangu.

Koko alipofunua kwa wakati wake, alikuta keki imebonyea kama bakuli. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akamwita Papa aliyekuwa akirekebisha redio, Mama aliyekuwa akichambua mchele, na Shangazi Feza aliyekuwa ndani akipiga pasi kitenge cha kesho.

"Mu hii nyumba muko mutu iko na neno," alisema. "Na ile neno ni ya kesho."

Papa alicheka. "Mama, ni moto tu ilikuwa mingi."

"Moto nilianza kuiwasha mbele uzaliwe. Sema yako."

Papa alikuwa karani wa ofisi, mtu wa kuvaa tai, lakini mbele ya kigoda kile alikuwa mtoto kama mimi. Akajikuna kichwa, akakiri kwamba amewaalika wenzake wawili wa kazini bila kumwambia Mama. Mama akamtupia jicho ambalo peke yake lingetosha kuangusha keki. Kisha naye, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akasema lake: "Mi nilichoka kupikiwa mu jiko yangu."

"Ile naijua," alijibu Koko, bila hata kukasirika. "Hizi zenu ni za kila siku. Yenye iliangusha keki haiyasemwa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama. Neno nililokuwa nalo lilinijaa kinywani, na kama Koko angenitazama mara moja tu lingetoka lenyewe. Hakunitazama. Kwetu mtoto hakuwa na neno, alikuwa na utundu, na utundu haukuitishiwa kikao. Macho ya Koko yalinipita juu ya kichwa yakatua kwa Shangazi.

"Ni yangu, Mama," Feza alimwambia Koko. Alikuwa bado ameshika kona ya kitenge. "Mi sitaki kwenda Rutshuru. Ule bwana hana mubaya. Lakini nataka kumaliza masomo, na sitaki kuwa muke yake."

Papa akasimama. "Feza, nilishatoa neno. Wazazi yake wanakuya kesho, na wewe unasema leo?"

Koko akamuuliza Feza, kwa sauti ya chini, neno hilo amekuwa nalo tangu lini.

"Toka siku ya kwanza."

Koko aliifunika ile keki. Kisha akamgeukia Papa. "Utaenda kwao leo. Hautasema Feza alikataa. Utasema keki ilikataa."

Basi Papa alivaa viatu vyake vya kazini akaenda mpaka Mugunga, ambako wazazi wa bwana yule walikuwa wamefikia kwa ndugu yao, kuwaeleza watu wazima wenye heshima zao kwamba keki imekataa. Leo nikilifikiria nacheka. Alirudi kabla ya jua kuzama. Alisema muzee wa kule alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama keki imebonyea katikati au pembeni, na aliposikia ni katikati akashusha pumzi na kusema amefahamu. Hakukuwa na ugomvi. Hakuna aliyemtukana Feza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kisa naye, wote walikuwa na kisa na keki. Keki yenyewe tuliila sisi, na mimi nilikula vipande viwili, jambo ambalo lilinitia aibu hata nilipokuwa bado natafuna.

Mwaka uleule niliungama kwa mara ya kwanza kabla ya komunyo. Nilimwambia padri habari za sukari niliyoilamba na uongo niliousema shuleni. Kifuniko nilikiruka.

Kisha mambo yakaanza kuniuma. Bwana wa maharagwe alioa mwingine, akajenga nyumba ya matofali mjini Goma, akapata watoto ambao tuliwaona kanisani wamevaa soksi nyeupe. Shangazi Feza alimaliza masomo, akawa muuguzi, na hakuolewa. Wanawake wa mtaani walikuwa wakisema, yeye akiwa hayupo, kwamba bahati huja mara moja na Feza aliipiga teke. Kila niliposikia hivyo nilihesabu upya: nilifunua, keki ikaanguka, Koko akauliza, Shangazi akasema. Nisingefunua, keki ingepanda, Feza angenyamaza, angekwenda Rutshuru, na watoto wale wenye soksi nyeupe wangekuwa wake. Kuna miaka niliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyemnyima watoto. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kupika keki kuliko wote katika ukoo wetu, na watu hudhani ni kipaji.

Nilipokua nilijua bila shaka kwamba keki yoyote ikifunuliwa kabla haijaiva inaanguka, iwe kwa wakweli au kwa waongo. Ujuzi huo haukunisaidia. Kama ni upepo tu, basi kosa lilikuwa langu lote. Nilimwonea wivu Koko na keki yake yenye masikio, maana katika hesabu yake mimi sikuwamo. Alifariki bila kujua, Mungu amlaze pema.

Mwaka jana nilikuwa napika keki ya komunyo ya mtoto wa rafiki yangu. Shangazi Feza, ambaye sasa mvi zimeanza kumtoka pembeni mwa kilemba, alikuja kuketi nami uani kama afanyavyo asipokuwa zamu, akimenya karanga. Keki ilikuwa motoni. Sijui kwa nini siku ile. Pengine ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kumfukuza binti yangu mbele ya kifuniko, kwa maneno ya Koko neno kwa neno.

"Shangazi," nikamwambia, "ile siku ya posa, mi njo nilifunulaka keki."

Hakuinua macho. "Najua. Nilikuwa ku dirisha na pasi. Nilikuonaka."

Sikuelewa, ikabidi anieleze. Kwa majuma matatu alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka neno lile na hakupata, kwa sababu katika nyumba nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Aliniona nikipitisha kijiti, akaona keki ikishuka, na akajua Koko atauliza nini. Mpaka Koko arudi na sahani na kufunua, huo tu ndio muda aliokuwa nao wa kuamua kama atajibu.

"Kama ningekuitaka, ningekuchapa," alisema, "ile siku ingepita tu."

Nikamuuliza kama alijuta. Alifikiri kwanza, hilo namshukuru.

"Kuna siku narudi ku nyumba, naikuta kimya, najiuliza. Lakini kujuta, hapana."

Ningepaswa kupumua. Badala yake nilikasirika, nikamwambia kwa ukali ambao sijawahi kumtolea. Miaka yote ile nimeubeba mzigo huu, na yeye anajua. Kwa nini hakuniambia?

Mikono yake ikaacha karanga. Nilimwona akihesabu naye, pengine kwa mara ya kwanza, kutoka umri wa miaka tisa mpaka huu wangu.

"Niliwaza ulisha kusahau," alisema. "Ulikuwa mutoto."

Nimelifikiri sana tangu siku ile. Keki iliangushwa na upepo, hilo nalijua. Na neno lililofungwa lilikuwapo, hilo nalo ni kweli, Koko hakukosea. Imani yake ilimpa Feza njia ya kutoka ambayo sisi wenye akili zetu tusingempa, na Papa akapata namna ya kuvunja ahadi bila kumvunja mtu. Naiheshimu. Lakini siku ile maneno yaliyofungwa uani yalikuwa mawili, Koko akalitafuta moja.

Shangazi alisogeza kigoda chake karibu na changu, akaniuliza nilikuwa nafikiri nini nilipokuwa nimesimama nyuma ya Mama. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kumweleza, na sikuficha kitu, hata vile vipande viwili, hata soksi nyeupe. Harufu ya kuungua ilitufikia nikiwa bado katikati, na nilipotaka kusimama alinishika mkono akasema nimalize kwanza.