Kopo la Chai ya Asumini

Leo nimefungua kopo la chai ya asumini, na harufu yake ikanirudisha nyumbani kwetu Baghdadiya, Jeddah, miguuni pa baba.

Baba alikuwa akienda China kununua vitambaa, wiki tatu, wakati mwingine nne. Akirudi, mama humfukizia kanzu kwa udi, nasi tukakaa kumsikiliza. Mji wa huko, alisema, una mnara unaobadilisha nguo: sasa mwekundu, sasa kijani. Watu ni wengi hata huoni viatu vyako. Mto unapita katikati, na madaraja yake yamepambwa taa kama bibi harusi.

"Ukikua nitakupeleka, mwanangu."

Nilijaza daftari zima kwa kuchora mnara ule.

Safari moja aliniletea kopo la chai. Nilikuwa ndiyo kwanza najua kusoma Kiarabu, nikataka wanisifu. Chini ya kopo palibandikwa karatasi ya bei. Nikaisoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi: duka la chai na viungo, mtaa wa Dira, Riyadh.

"Mashaallah," alisema baba, polepole sana.

Mama alikuwa ameishika kanzu ya baba juu ya chetezo. Hakuiondoa. Nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua kabla sijauona moshi.

"Huyo wa Riyadh," akauliza mama, "ana watoto?"

Baba alinitazama mimi, si yeye.

"Mmoja," akasema. "Nikija huku, naye namwambia nakwenda China."