Kompyuta Zinazoishi Brazili

Kazi yangu ni kuweka programu kwenye kompyuta za watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kungoja. Unabonyeza, mstari unajaa polepole, unabonyeza tena. Wengi wangechoka siku ya kwanza. Mimi naipenda, kwa sababu kompyuta haikusimulii habari za shemeji zake wakati unaihudumia.

Asubuhi ile nilipanda bodaboda kutoka Mapinga ninakoishi, begi la flashi na nyaya mgongoni, hadi shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Shule hiyo ina kitengo cha wanafunzi wasioona. Mfadhili aliwapa laptopu zenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo, kwa Kiswahili, na kutamka kila herufi inayobonyezwa. Bahati mbaya programu ilikuwa ya majaribio. Muda wake ulipokwisha, laptopu zote zikanyamaza. Sasa mfadhili alikuwa amenunua leseni halali, na faili la leseni lilitolewa asubuhi ileile na kutumwa kwenye simu yangu. Niliambiwa ni kazi ya kuweka na kuondoka. Kazi ya namna hiyo sijawahi kukutana nayo.

Mwalimu wa kitengo, mama wa makamo, alinipokea mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za njiani, na za viwanja vinavyouzwa Mapinga. Mtu akisikia unakaa Mapinga lazima aulize viwanja, kana kwamba sisi sote tunalala juu ya hati za ardhi. Nikamjibu kwamba vipo. Ndipo akaniambia kilichokuwa kikimsumbua.

Kesho yake wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja kutoka Mkange, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa ameshakua. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa, zilikuwa bado hazijamkaa vidoleni. Mitihani yote iliyopita aliifanya kwa kumtamkia mwalimu mwingine, naye akamwandikia. Mwalimu huyo alikuwa na huruma nyingi. Alimrekebishia sentensi, akampunguzia maneno, na pale alipoona jibu halifai alikohoa mpaka msichana akalibadilisha. Alama zilikuwa nzuri, na msichana hakuzitaka. Alitaka kuandika mwenyewe, na laptopu ndiyo ingemwezesha. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti moja: laptopu ziwe zinasema kabla ya masomo kwisha saa nane mchana. La sivyo, mwandishi atarudi kazini.

Msichana mwenyewe alikuwa ameketi dawati la mbele, mikono juu ya laptopu iliyozimwa. Alinisalimia kwa adabu, kisha hakusema tena. Nilishukuru.

Ukiwa na mashine nyingi hufanyi moja baada ya nyingine, utazeeka hapo. Unachagua moja, unaifuta, unaitengeneza mpaka unaridhika nayo. Hiyo mimi huiita mama. Kisha unamnakili mama mzimamzima kwenye flashi kadhaa, na zile nyingine unazimwagia kwa mafungu: hizi zikijaa, zile unazianzisha. Leseni huja mwisho, kwa sababu kila mashine lazima iipokee kwa jina lake. Mwalimu alinikatia plasta nyeupe, nikabandika jina la kila mashine kwenye mfuniko, na yeye akaweka juu yake alama ya nukta nundu. Kazi ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuwa na wasiwasi.

Nikampa mama leseni. Akaikataa. Maandishi yalisema leseni hii bado haijaanza kutumika.

Nikairudia. Nikajaribu mashine ya jirani, nayo ikasema vilevile. Mwalimu akauliza imesema nini, nikamwambia. Akauliza kama leseni inaweza kuwa ya mwaka kesho. Nikasema watu wa leseni wanaweza lolote. Nilikuwa nimeshakasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa muuzaji. Nilifungua faili, tarehe ilikuwa ya siku ileile. Nilitazama tarehe ya mashine pembeni ya kioo, ilikuwa ileile. Saa nayo niliiona, ilikuwa sawa kabisa.

Nikatoa simu ili nimpigie muuzaji nimwambie maneno niliyokuwa nimeyapanga. Simu iliandika 11:05. Laptopu iliyokuwa mbele yangu iliandika 5:05. Nilizitazama zote mbili, na zote zikaniambia kitu kimoja: saa tano na dakika tano. Ilinibidi nizitazame tena.

Mzungu angeliona kosa lile tangu anafungua begi. Mimi, niliyelelewa na saa ya Kiswahili, nilisoma 11 nikaona tano, nikasoma 5 nikaona tano, na moyo wangu ukatulia. Mashine zilikuwa nyuma kwa saa sita, maana kufuta programu hakugusi saa. Kwa hesabu yao hata jua halikuwa limechomoza, na leseni ilikuwa haijatolewa duniani. Tungekaa tu, baadaye alasiri zingeikubali zenyewe. Lakini mkuu wa shule alisema saa nane.

Nikamuuliza mwalimu nani aligusa saa za mashine hizi.

"Mimi," akasema. "Zote, kwa mkono wangu. Wanangu hawa hawana saa ya ukutani. Zilipokuwa bado zinasema, wakiiuliza mashine inawaambia saa nane na kengele ya saa mbili ndiyo inalia. Nikawarekebishia."

Kwa watoto wale, saa ya mwalimu ndiyo iliyokuwa sahihi, na ya kwangu ndiyo ya kutafsiri. Lakini leseni haikutungwa na mtu wa Bagamoyo. Nikamwambia lazima nizirudishe.

Hapo msichana akaongea. Hakuinua sauti.

"Kaka fundi, kesho nitajuaje muda uliobaki?"

Nilitaka kumwambia atoe sita, kama tunavyofanya sote. Kisha nikafikiria mtoto aliye katikati ya swali la historia, masikioni anaambiwa saa kumi na tatu na dakika kumi, na bado anatakiwa kutoa sita. Nikaona aibu, nikarudi kwenye kioo.

Kompyuta huhifadhi mambo mawili: saa ya dunia, na mahali ilipo; kwa hayo mawili hupiga hesabu ya saa inayoonyesha kiooni. Leseni hukagua saa ya dunia tu. Mahali haiulizi. Basi nikaiambia mashine ukweli kuhusu saa, na nikaidanganya mahali. Nilitembeza orodha ya miji hadi nikaupata uliokuwa nyuma yetu kwa saa sita kamili, na huo ulikuwa Brazili. Saa pembeni ya kioo ikarudi kuwa saa ya mwalimu. Nikampa mama leseni. Akaipokea bila neno.

Nyingine nilizifanya kwa haraka, mwalimu akinifuata na kuzifunga. Mkuu wa shule alipokuja mlangoni, msichana alikuwa amevaa vipokea sauti. Akavichomoa ili sote tusikie, kisha akabonyeza vitufe vya kuuliza saa. Sauti ikasema saa nane kasoro dakika kumi. Mkuu akatazama saa yake ya mkononi, akasema sawa, akaondoka. Mpaka leo mashine zile zinaamini zipo Brazili, na sijaona sababu ya kuzisumbua.

Baada ya mtihani kusahihishwa mwalimu alinipigia simu. Alianza na habari za nyumbani na za viwanja, ndipo ukaja mtihani. Msichana alipata alama chini ya zile alizokuwa akipewa na mwandishi. Nikasema pole. Akasema nisitoe pole. Karatasi iliporudi, msichana aliomba asomewe makosa yake, moja moja, bila kurukwa hata herufi. Likisomwa kosa anacheka, anasema hilo langu. Likija lingine anasema na hilo langu.

Mimi si mtu wa furaha za simu. Siku ile nilifurahi, nikamwomba anisomee na mimi kosa moja.