Ndege ya Siakago na Madebe ya Mahindi

Nilikuwa kwa chifu hapa Siakago, siku ya tatu nikingoja barua, mama mmoja alipoingia na jirani yake kumshtaki. Jirani huyo, fundi, amejenga ndege nyuma ya nyumba kwa miaka minne. Juzi injini ilinguruma mara ya kwanza, na kabla hajamaliza kufurahi, akina mama wakafika na madebe ya mahindi wakidhani amefungua poshomili.

“Alitufukuza,” mama akasema.

Fundi alijipangusa grisi vidoleni. “Chifu, hiyo ni ya kuruka.”

“Iruke iende wapi?” Chifu hakuinua macho. “Watu wanataka unga.”

Jana nilienda kwa fundi. Mabawa yameegemezwa ukutani, injini inasaga. Nilitaka kumpa pole, lakini zamu yangu ilipofika nilimpa debe langu tu.