Hamira ya Mwanatatu

Mke wangu Mwanatatu hakupenda nyama, na mimi nimeuza nyama Embu miaka arobaini. Alipenda majani. Si sukuma wiki ya kupika. Majani ya kupanda chini ya maji, ndani ya sanduku la kioo, sebuleni kwetu hapa Embu, mtaa wa Dallas. Samaki sita wadogo walikuwa wapangaji tu.

Alipofariki, mtungi wa gesi aliyokuwa akiyalishia ukaisha wiki hiyohiyo. Majani yakaanza kugeuka manjano. Kila shina alilipanda kwa mkono wake. Nikasema, haya hayafi.

Nikaenda kwa Runji, aliyemuuzia wale samaki.

"Mzee, hayo majani yanakula hewa ile tunatoa puani."

"Basi nitapuliza."

"Utapuliza mpaka lini? Mtungi unajazwa Nairobi. Lakini unaweza kutengeneza: chupa ya soda, maji, sukari, hamira kidogo. Hewa ipite kwa mpira, iingie majini. Kipovu kimoja kila sekunde."

Mpira nilikuwa nao, wa dripu. Mwuguzi alileta miwili. Wa pili Mwanatatu hakuungoja. Una kigurudumu cha kubana.

Saa yangu ilikufa kabla ya mke. Lakini nina tasbihi, na subhanallah moja, ukiisema bila haraka, ni sekunde.

Hamira kidogo, alisema Runji. Mtu wa bucha hajui kidogo. Nikamwaga pakiti nzima.

Kesho yake ilikuwa arobaini ya Mwanatatu. Asubuhi nikakuta samaki wako juu, midomo wazi, kama sisi tukingoja adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Nikabana kigurudumu, nikawa nateka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, wapate pumzi. Wakashuka. Nikasahau chupa.

Chupa haikusahau. Kizibo kiligonga dari, povu likaniogesha kanzu. Hapo ndipo Mzee Abdilatif wa msikitini akaingia, amewahi dua.

"Assalamu—" Akanusa. "Idrisi! Mama hata arobaini hajamaliza, umeshapika pombe?"

"Ni chakula cha majani, Mzee."

"Majani gani yanalewa?"

Nikamwonyesha yale manjano. Nikamwambia ni ya nani. Akaokota chupa, akachovya kidole, akanusa. Hakulamba, mimi ni shahidi.

"Hamira imezidi. Hii inalaza ng'ombe. Weka ncha ya kijiko. Na usibane mpira tena. Kitu kinachachuka, halafu unakifungia njia?"

"Umejua aje, Mzee?"

Akaangalia mlango.

"Kabla sijasilimu niliitwa Nyamu, wa Karurumo. Mama yangu hakuwa anauza maziwa."

Akakunja mikono ya kanzu, tukachanganya upya. Dua tulisoma baadaye, tukinuka.

Jioni kipovu kikapanda. Subhanallah, nikavuta shanga. Kikapanda kingine. Samaki wakabaki chini, wakiendelea na mambo yao.

Siku hizi Abdilatif anapita kila Ijumaa kukagua chupa. Anainusa kuliko inavyohitaji kunuswa.

Wiki ya tatu jani likachipuka, kijani, dogo kama ukucha wa mtoto. Nikaenda kaburini.

"Limechipuka," nikamwambia Mwanatatu.

Limekula nini, sikumwambia.